Shamba Lililogeuka Viwanja: Tunavyoeleza Utajiri na Umaskini Hapa Dodoma

Tangu Julai 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba Serikali yote itahamia Dodoma, mji wetu umekuwa ukizalisha matajiri wapya na maskini wapya kwa kasi ambayo wenyeji hatujaizoea. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo ambalo leo ni Jiji la Dodoma, na sensa ya 2022 ikahesabu 765,179. Watu hao walihitaji mahali pa kulala, na mahali hapo palikuwa mashamba ya uwele, mtama na karanga, kule Nzuguni, Iyumbu, Ihumwa na kwingineko. Mtu ambaye shamba lake liliangukia upande ambao barabara ilipita alijikuta ana viwanja. Mwenzake mwenye shamba kubwa zaidi, lakini nyuma ya kilima, bado analima.

Ukiwauliza watu kwa nini huyu ana nyumba tatu za kupangisha na yule anasukuma mkokoteni katika soko la Majengo, hupati jibu moja. Mmoja atakuambia kwamba mwenye nyumba alijibana, hakunywa pombe, alinunua viwanja wakati wenzake wakinunua pikipiki. Mwingine atakuambia kwamba mwenye nyumba alifahamu mapema barabara itapita wapi, kwa kuwa alikuwa na ndugu mahali fulani. Wasemaji hao wawili wanaweza kuwa wanasali pamoja, wana kadi za chama kimoja, na watoto wao wanakaa dawati moja. Kinachowatenganisha hakimo katika kadi ya chama, na ndicho kilichonifanya nisome kwa muda mrefu tafiti za wanasaikolojia kuhusu namna waliberali, yaani wanaotanguliza usawa na mabadiliko, na wahafidhina, yaani wanaotanguliza mila na utaratibu uliopo, wanavyoutazama umaskini, utajiri na pengo lililo kati yake. Nyingi zilifanyika Marekani, ambako mhafidhina kwa kawaida hukipigia kura chama cha Republican na mliberali chama cha Democratic. Nadhani tafiti hizo zinatufaa, lakini kwa nusu, na nusu isiyotufaa inafundisha kama ile inayotufaa.

Tofauti iliyojitokeza mara nyingi zaidi katika tafiti hizo inahusu chanzo. Anapomwona maskini, mhafidhina huelekea kwanza kuuliza mtu huyu amefanya nini au ameacha kufanya nini. Mliberali huelekea kuuliza ni nini kimemkuta. Wachumi Alberto Alesina na Edward Glaeser, katika kazi yao ya 2004, walitumia maoni ya wananchi kulinganisha Marekani na Ulaya, wakakuta kwamba takriban asilimia 60 ya Wamarekani waliamini maskini ni wavivu, wakati Ulaya walioamini hivyo walikuwa asilimia 26. Walioona kwamba maskini wamenasa katika hali wasiyoweza kujinasua walikuwa asilimia 29 Marekani na asilimia 60 Ulaya. Tukumbuke kwamba hayo ni mataifa yenye dini zinazofanana na uchumi unaokaribiana. Mawazo kuhusu chanzo cha umaskini, kwa hiyo, hayatokani moja kwa moja na umaskini wenyewe ulivyo.

Sisi wa Dodoma tuna sababu ya pekee ya kulitafakari jambo hili. Kwa miaka mingi, ombaomba wa Dar es Salaam akitajwa, Mgogo, mwenyeji wa mkoa huu, naye hutajwa, na watani wetu hawaishiwi vichekesho. Utani ni utani, nami hucheka. Hata hivyo, chini ya utani huo imejificha nadharia kamili ya uchumi, kwamba kuna watu ambao kuomba ni tabia yao. Nadharia hiyo haitaji kwamba mkoa huu una msimu mmoja wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, na kwamba wastani wa mvua hiyo ni milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, ambayo ikichelewa wiki chache tu inaweza kuharibu uwele na mtama kwa pamoja. Wala haitaji Mtunya, njaa kuu iliyoipiga Ugogo mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, baada ya majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza kuchukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, na mvua nayo kukosekana. Inakadiriwa kwamba watu 30,000 walikufa, kati ya wakazi wapatao 150,000. Kaya iliyopoteza mifugo yote mwaka ule haikurudi mwanzo, bali ilirudi nyuma ya mwanzo, na wajukuu wakaurithi upungufu huo kama ambavyo wengine hurithi mashamba.

Jirani yangu mwenye mtazamo ule mwingine ana jibu, na si jibu dogo. Ukame ulikuwa wa wote, husema, lakini wapo walioamua kupanda mtama unaostahimili jua na wapo waliong'ang'ania mahindi kwa sababu ugali wake ni mweupe. Wapo walioingia katika zabibu kule Hombolo na Mpunguzi, na wapo waliouza jembe. Ikiwa mazingira ndiyo yanayoeleza kila kitu, basi aliyepanda zabibu anaelezwa na nini? Sijawahi kusikia mtu wa upande wa mazingira akilijibu swali hilo kwa ukamilifu. Mara nyingi husema kwamba aliyepanda zabibu alikuwa na mtaji au alikuwa karibu na maji, jambo ambalo mara nyingine ni kweli na mara nyingine si kweli.

Wanasaikolojia walitaka kujua kama tofauti hii ni ya nyoyo, yaani kama upande mmoja umezaliwa na huruma na mwingine bila huruma. Linda Skitka na wenzake walichapisha mwaka 2002 mfululizo wa tafiti ambazo, kwangu, ni muhimu kuliko takwimu zote za kura ya maoni. Walikuta kwamba mara ya kwanza watu wa pande zote mbili huelekea kumlaumu mtu binafsi. Mliberali hupiga hatua ya pili, akajisahihisha kwa sababu lawama hiyo inagongana na maadili anayoyashika. Akipewa kazi nyingine ya kuishughulisha akili kwa wakati ule ule, hatua ya pili humshinda, na jibu lake hufanana na la mhafidhina. Kwa hiyo kumlaumu maskini ndiyo njia ya mkato ya binadamu, ambayo wengine wetu huiacha tunapokuwa na nafasi ya kufikiri.

Mwaka 2010 Skitka, G. Scott Morgan na Elizabeth Mullen walionyesha upande wa pili wa jambo hilo. Waliwauliza watu kuhusu wanajeshi wa Marekani waliotuhumiwa kuwaua raia wa Iraq. Safari hii wahafidhina ndio waliotaja mazingira: vita, hofu, amri, uchovu. Waliberali ndio waliotaja tabia ya watuhumiwa. Mambo yaligeuka kabisa. Kila upande una uwezo wa kuyaona mazingira, na kila upande huutumia uwezo huo pale unapomtetea mtu ambaye tayari unataka kumtetea. Nimelishuhudia jambo hilo hilo katika mazungumzo ya mitaani kwetu: mtu anayesema vijana wa bodaboda hawana nidhamu ya fedha ndiye anayesema mtoto wake hajapata kazi kwa sababu ajira zimekuwa chache.

Tofauti nyingine inahusu macho, kwa maana kwamba hata kabla ya kubishana juu ya chanzo, watu hawaoni kitu kimoja. Mwaka 2021 Hannah Waldfogel na wenzake walitoa matokeo ya tafiti 5 zilizohusisha watu 8,779. Katika mojawapo, washiriki walioneshwa picha za mambo halisi yenye dalili za tofauti kati ya matajiri na maskini, wakaombwa waeleze tu wanachokiona. Wale wanaothamini usawa kati ya makundi ya jamii walizitaja tofauti hizo kwa hiari yao zaidi kuliko wasiouthamini. Katika tafiti zilizofuata walikuwa makini zaidi pia kutambua kama mgawanyo fulani ulikuwa sawa au haukuwa sawa. Kuna sharti moja, hata hivyo. Umakini wao ulizidi pale tu ambapo mgawanyo uliwaumiza walio chini. Ulipowaumiza walio juu, umakini huo wa ziada haukuonekana.

Sharti hilo lisipuuzwe na sisi tunaojihesabu kuwa watetezi wa wanyonge, na najihesabu miongoni mwao. Mtu anayetoka mjini kuelekea Mji wa Serikali kule Mtumba anaweza kuona majengo ya wizara, lami mpya na miti iliyopandwa kwa mstari, akafurahi kwamba mji umekua. Mwenzake katika gari hilo hilo anaona akina mama wanaouza ndizi na maji kandokando ya lami wakikimbilia madirisha ya magari. Wote wawili wanasema kweli kuhusu barabara ileile, na kila mmoja akifika nyumbani ataapa kwamba mwenzake amefumba macho. Mimi huwaona akina mama. Lakini sina hakika kama ningeona kwa wepesi uleule pale mwekezaji anapozungushwa ofisi kwa ofisi kuhusu hati ambayo tayari ameilipia, kwa sababu ndani yangu kuna sauti inayosema kwamba huyo atajimudu.

Kundi jingine la tafiti linahusu namna tunavyoishi na pengo baada ya kuliona. Melvin Lerner na Carolyn Simmons walifanya jaribio mashuhuri mwaka 1966, ambapo watu walimtazama mwanamke aliyeonekana kupigwa shoti za umeme kila alipokosea jibu, ingawa kwa kweli hakuumizwa. Watazamaji waliopewa nafasi ya kumwokoa, wengi wao walimwokoa. Wale walioamini kwamba mateso yangeendelea na hawana la kufanya walianza kumdharau mwanamke yule. Lerner alieleza kwamba binadamu anahitaji kuamini kwamba dunia ni ya haki na kila mtu hupata anachostahili. Akishindwa kuirekebisha dunia, humrekebisha aliyeumia ndani ya mawazo yake ili dunia ibaki ya haki. John Jost na Mahzarin Banaji waliliendeleza wazo hilo mwaka 1994 wakasema kwamba watu huutetea mfumo uliopo, na mara nyingine hata wale wanaokandamizwa nao huutetea.

Sisi tuna methali za kazi hiyo, na za pande zote mbili. Vidole vya mkono havilingani, husema mzee anapotaka kumtuliza kijana mwenye uchungu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, husema anapotaka kumhimiza. Lakini mzee yule yule, siku akidhulumiwa, atakumbusha kwamba maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba. Hazina yetu ya hekima haijachagua upande, na nadhani hilo limetusaidia.

Jaime Napier na Jost waliuliza mwaka 2008 kwa nini wahafidhina, katika Marekani na nchi nyingine walizozichunguza, husema wana furaha kuliko waliberali. Sehemu ya jibu lao ni kwamba wahafidhina huweza kuihalalisha tofauti ya kipato, hivyo haiwakoseshi usingizi, na kwamba katika miongo mitatu iliyotangulia pengo la furaha kati ya makundi hayo lilipanuka nchini Marekani kadiri pengo la kipato lilivyopanuka. Nakubali matokeo, lakini sipendi namna yanavyosimuliwa, kana kwamba furaha ya mhafidhina ni dawa ya usingizi tu. Mtu anayeamini kwamba jasho lake lina maana ana sababu ya kuamka alfajiri, na imani hiyo haigeuki kuwa ugonjwa kwa kuwa tu inamfariji.

Wengi wetu huteleza tunapofikia suala la haki yenyewe. Jonathan Haidt na wenzake wameonyesha kwamba pande zote mbili huthamini haki, ila wanapoitaja hawamaanishi kitu kimoja. Mliberali huisikia zaidi kama usawa, mhafidhina huisikia zaidi kama uwiano, yaani kila mtu apate kulingana na alichotoa. Wakati huohuo, Michael Norton na Dan Ariely walionyesha mwaka 2011 kwamba Wamarekani walidhani asilimia 20 ya watu walio matajiri zaidi humiliki takriban asilimia 59 ya mali yote, wakati ukweli ulikuwa karibu asilimia 84, na walipoulizwa wangependa iwe ngapi walisema karibu asilimia 32. Wapiga kura wa vyama vyote viwili walikaribiana sana katika jibu hilo la mwisho. Christina Starmans, Mark Sheskin na Paul Bloom wakaongeza mwaka 2017 kwamba, tukichunguza kwa makini, kinachowaudhi watu ni dhuluma zaidi kuliko kule kutolingana kwenyewe.

Anayetaka kuyaona haya yakitendeka nje ya maabara ahudhurie mkutano wa kijiji unaoteua kaya za Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini chini ya TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Wanakijiji wenyewe hutaja kaya wanazoziona maskini zaidi, kisha hufuata uhakiki. Hapo utasikia kila nadharia niliyoitaja, kwa Kiswahili na kwa Kigogo. Bibi anayelea wajukuu yatima hupita bila ubishi. Kijana mwenye nguvu lakini asiye na shamba huzua mjadala. Mama ambaye mume wake ni mlevi huugawa mkutano katikati, kwa kuwa kumpa ruzuku ni kumsaidia yeye na watoto na pia, wengine husema, ni kumlipia mume pombe yake. Wanaopinga si watu wabaya. Wanalinda kanuni kwamba kijiji kisimzawadie anayekwepa kazi, kanuni ambayo bila hiyo hakuna kijiji kingevuka ukame. Jaribio lililochapishwa mwaka 2013 na Alexander Cappelen na wenzake, likiwa na washiriki kutoka Norway, Ujerumani, Uganda na Tanzania, liliwakuta watu wakipima mambo hayo hayo mawili, kile ambacho mtu amekitolea jasho na kile anachokihitaji. Wengi hawakuacha lolote kati ya hayo. Walitofautiana katika uzito waliolipa kila moja.

Sasa niseme kwa nini tafiti hizi zinatufaa kwa nusu. Marekani, mtu anayetaka mila zilindwe kwa kawaida ndiye anayetaka pia Serikali isiingilie soko, kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba mambo hayo mawili yanatoka katika nafsi moja. Ariel Malka na wenzake walilichunguza dai hilo mwaka 2014 katika nchi 51. Watu wenye haja kubwa ya usalama na uhakika walielekea kweli kuwa wahafidhina wa mila. Katika uchumi, hata hivyo, mara nyingi walielekea kinyume, wakitaka Serikali iwalinde. Hata dai lililovuma tangu 2008, kwamba miili ya wahafidhina hushtuka zaidi ikioneshwa picha za kutisha, halikusimama liliporudiwa kwa kundi kubwa zaidi na matokeo yake kuchapishwa 2020. Anayetaka kumpima mwenzake ubongo ili ajue atapiga kura wapi asubiri kwanza.

Kwetu, kifurushi hicho cha Kimarekani hakijawahi kufungwa. Mzee wa Kongwa asiyetaka kusikia habari ya binti kuchagua mchumba bila wazazi ndiye huyo huyo anayetaka Serikali ipange bei ya alizeti. Azimio la Arusha la 1967, ambalo liliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili na nyumba za kupangisha, ndilo pia lililosema waziwazi kwamba wanaume wa vijijini huishi nusu ya maisha yao wakiwa likizo, na likataka juhudi na maarifa. Kwa mizani ya Marekani, waraka huo ni wa mliberali katika ukurasa mmoja na wa mhafidhina katika mwingine. Kwa Mtanzania ni waraka mmoja usio na mgongano, kwa sababu mnyonyaji na mvivu walihesabiwa katika kosa moja, la kula jasho la mwingine. Miaka karibu 50 baadaye, Magufuli aliomba kura kwa kaulimbiu ya Hapa Kazi Tu, kisha akajitambulisha kama rais wa wanyonge, na sikumbuki mtu yeyote aliyeona kwamba mambo hayo mawili hayapatani.

Ndiyo maana sishawishiki na wanaotaka kutupanga Waafrika katika makundi hayo mawili kwa dodoso lililotafsiriwa. Ningependa wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Dodoma waanzie kwenye kiwanja. Wachukue habari moja ya shamba lililopimwa, likauzwa vipande, mwenyewe akajenga vyumba vya kupangisha, kisha wawasimulie wakazi wa Nkuhungu, Chang'ombe na Ilazo habari hiyo kwa sura mbili tofauti. Katika sura ya kwanza, mwenye shamba awe mwanakijiji aliyezaliwa hapo. Katika ya pili, awe mtumishi aliyehamia na kununua kwa mwanakijiji kwa bei ya kutupa. Wawaulize wasikilizaji ni kiasi gani cha mali hiyo ni jitihada, kiasi gani ni bahati, na kiasi gani ni kujuana. Halafu wawaulize, mwishoni kabisa, wanapigia chama gani kura, na kama wamepanga au wanamiliki nyumba wanamolala. Nabashiri kwamba jibu kuhusu chama litawasaidia kidogo sana, na kwamba swali la nyumba litaeleza mengi, isipokuwa kwa wale wachache waliowahi kuwa pande zote mbili, waliopanga kwa miaka mingi na sasa wanapangisha, ambao kwa uzoefu wangu ndio wagumu kuliko wote kukisia watajibu nini.